Ukaribu Una Kipimo Chake

Ndugu wasomaji, wengi wenu mmeishi kambini, au mmelelewa na mtu aliyeishi kambini. Kwa hiyo sina haja ya kueleza jinsi picha zilivyo adimu katika nyumba za watu wanaohamishwa mara kwa mara. Kila uhamisho hula kitu: leo sufuria, kesho kitabu, keshokutwa picha ya arusi. Nataka kuwasimulieni habari ya picha moja iliyosalimika, na ya kitufe kidogo kilichoko ubavuni mwa lenzi ya zamani, ambacho kama kisingalikuwapo baba yangu asingalimwona tena mama yangu.

Baba alitumikia polisi ya Uganda kwa miaka 31, akastaafu mwaka 2005 akiwa sajini. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kupiga picha za mahali palipotokea ajali na uhalifu. Kamera za kazi zilikuwa mali ya serikali, naye alizirudisha zote kwa sahihi. Lakini mwaka 1994 alinunua kwa fedha yake mwenyewe lenzi moja iliyokwisha kutumika, ya aina ile ya kuvuta, yenye kipimo cha milimita 35 hadi 70. Lenzi hiyo ameitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga, imeviringishwa kitambaa cha pamba. Kila mwezi huitoa ikapunga hewa kavu, ili ukungu usiote ndani ya vioo. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa, na katazo hilo halikuondolewa hata tulipoota ndevu.

Picha zetu za nyumbani hazikubahatika kutunzwa hivyo. Baba alizipeleka nyumbani kwetu Kumi akidhani kwamba huko ndiko kwenye usalama kuliko kambini. Kumbe yakaja machafuko ya Teso ya miaka ya 1987 hadi 1992, na katika machafuko hayo nyumba ya babu iliungua pamoja na sanduku la bati lenye picha zote. Mama alifariki mwaka 2009. Alipotutoka tulikuwa na picha zake mbili tu, zote za uzeeni, na katika zote mbili alikuwa mgonjwa.

Mwaka jana nilikwenda Mbale kwa kazi ya wilaya, nikapita kumsalimu mama mmoja ambaye mumewe alikuwa konstebo pamoja na baba. Tulipokwisha kunywa chai alinyanyuka, akateremsha fremu ukutani, akaniambia, "Mwanangu, chukua hii. Mimi macho yangu yamechoka, na wajukuu hawajui ni kina nani." Ilikuwa picha ya wanawake wa kambini, iliyopigwa mwaka 1984. Wanawake 27 wamesimama katika safu tatu mbele ya ukumbi. Mama yuko safu ya pili, wa nne kutoka kushoto, amempakata kaka yangu mkubwa. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Uso wake ulikuwa mdogo kama punje ya hindi.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana baba anaugua presha ya macho. Ugonjwa huo huharibu mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni kwenda ubongoni, na uharibifu wake haurudi nyuma. Dawa za matone huzuia tu yaliyobaki yasipotee. Kwa kawaida mtu hupoteza kwanza pembezoni, kidogo kidogo na bila maumivu, hata asitambue, mpaka siku moja anajikuta anatazama dunia kama mtu achunguliaye ndani ya bomba. Baba alikwenda hospitali kwa kuchelewa. Nilipompa picha ile aliigeuza mara tatu kwenye mwanga, akasema, "Mwalimu, naona weusi na weupe. Yuko wapi?" Baba huniita Mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu na kufundisha shule ya msingi miaka minne kabla ya kuingia ofisini. Nikamwekea kidole juu ya uso wa mama. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mkuze, kabla sijafunga duka."

Nilianza na njia rahisi, kama mngalivyofanya ninyi. Nilichukua simu yangu nikapiga. Simu ilitupa kivuli cha mikono yangu juu ya karatasi, na pale pasipokuwa na kivuli pakang'aa kama bati. Nikaenda kwa kijana mmoja mwenye duka la picha. Yeye aliitia picha katika programu ya kompyuta, na baada ya dakika chache akanionyesha uso mkubwa, laini, usio na doa, macho yakitazama mbele sawasawa. Kwa kweli nilifurahi, nikalipa. Nilipomfikishia baba na kumweleza jinsi kijana yule alivyofanya, aliuliza swali moja tu: "Hayo macho ameyatoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Programu za namna hiyo, zinapokosa habari za kutosha katika picha, hujaza mapengo kwa kukisia kutokana na nyuso nyingine nyingi zilizofunzwa. Matokeo ni uso wa kuvutia, lakini sehemu yake si ya mtu yule. Baba aliirudisha karatasi mezani kwa adabu, kama arudishavyo mtu sahani ya mgeni. "Picha ya ushahidi haipambwi," alisema. "Huyu ni mwanamke mzuri, lakini si mke wangu. Lete lile kopo."

Nilikuwa na kamera ya ofisi, ya kidijitali lakini ya zamani, ambayo mkuu wangu aliniruhusu kuitumia siku za mapumziko. Kwa bahati njema mdomo wake ulikubaliana na lenzi ya baba, kwa kuwa kampuni ya Nikon ilianza kutumia mdomo wa namna hiyo mwaka 1959 na haikuuacha hata kamera zilipoacha filamu. Mwaka huohuo wa 1959 ndio Wajerumani wa Voigtländer walipotoa lenzi ya kuvuta ya kwanza kwa kamera za picha za kawaida, ile iliyoitwa Zoomar. Basi ndoa ile ya lenzi kuukuu na kamera ya ofisi ilikuwa na mizizi mirefu kuliko umri wangu.

Niliifunga lenzi, nikaisogeza karibu na picha, nikachungulia. Ukungu mtupu. Nikazungusha duara la kulengea mpaka mwisho. Ukungu. Nikarudi nyuma hatua moja, picha ikawa wazi, lakini mama akarudi kuwa punje ya hindi. Baba, aliyekuwa ameketi barazani akisikiliza, alicheka kidogo.

"Umefika sentimita 60, hapo ndipo inapogoma," alisema. "Nipe."

Aliipokea kamera mapajani pake. Hakutazama, maana kutazama kusingalimsaidia. Kidole gumba chake kilitambaa juu ya lenzi, kikapita namba zilizochongwa, kikatua mahali palipoinuka. Akairudisha lenzi upande wa 35, akabonyeza kitufe, na lile duara ambalo mimi niliamini limefika mwisho likapita mpaka wake kwa sauti ndogo, likaendelea kuzunguka. Pale palikuwa na neno limeandikwa kwa rangi ya machungwa: makro.

Nami, kwa desturi ya walimu, sikuridhika mpaka nilipoelewa. Baba alinieleza hivi. Ndani ya lenzi ya kuvuta mna vioo vingi vilivyogawanywa katika makundi. Ukivuta picha kuja karibu au kuipeleka mbali, makundi hayo hutembea katika njia zilizochongwa ndani ya bomba, kila kundi kwa kipimo chake, ili picha ibaki wazi. Njia hizo zina mwisho, na mwisho huo ndio unaoikataza lenzi kuona kitu kilicho karibu mno. Kitufe kile hufungua komeo, kundi moja likaruhusiwa kwenda mbali zaidi ya zamu yake ya kila siku. Hapo lenzi huweza kulenga kitu kilicho umbali wa sentimita 28, zikihesabiwa kutoka ule mstari ulio juu ya kamera unaoonyesha mahali picha inapoandikwa. Mbele ya kioo chenyewe hubaki nafasi ndogo, kama urefu wa kiganja.

"Lakini kila kitu kina bei," aliendelea. "Ukishabonyeza, lenzi haivuti tena. Duara lile lililokuwa la kuvuta sasa ni la kulengea tu. Na mlima Elgon ule pale huuoni tena, utakuwa ukungu. Hii inachagua: ama karibu, ama mbali."

Aliniambia pia nisidanganyike na neno lile lililoandikwa. Lenzi maalumu za makro huweza kuandika kitu kwa ukubwa wake halisi, lakini lenzi hii huishia robo. Kwa kamera ya ofisi, ambayo sahani yake ya ndani ina upana wa milimita 24 na kimo cha milimita 16, robo maana yake ni kwamba picha moja huchukua eneo la milimita 96 kwa 64, yaani karibu kiganja cha mtu mzima. Lenzi nyingine za zamani huwa na ukaribu huo upande wa 70 au upande wa mbali zaidi, na nyingine huwa na swichi badala ya kitufe. Mwenye nayo aichunguze kwa upole, asilazimishe. Komeo likikataa, mara nyingi ni kwa sababu duara halijarudishwa mahali pake.

Jumamosi iliyofuata tulifanya kazi barazani tangu saa tatu asubuhi. Baba alikuwa afisa, mimi kuruta. Kwanza tuliitoa picha ndani ya fremu. Kwa bahati haikuwa imegandamana na kioo, na kama ingaligandamana, alisema, tungaliiacha hapohapo, kwani kuibandua ni kuichuna ngozi. Tukaibana juu ya ubao uliosimama wima, pasipo jua kali, mwanga wa uani ukiijia kwa ubavu. Upande wa pili tulitundika shuka jeupe ili lirudishe mwanga na kufuta vivuli. Nyuma ya kamera tulitundika blanketi jeusi, maana karatasi yenye mng'aro huakisi kila kilicho mbele yake, hata shati la mpiga picha.

Kisha akaniagiza kioo kidogo cha kunyolea. Nilikilaza juu ya picha, nikachungulia. "Unaiona lenzi yenyewe ndani ya kioo?" aliuliza. Niliiona, lakini iko kona. "Basi umesimama upande. Sogea mpaka lenzi ijitazame yenyewe katikati." Ndugu wasomaji, hila hiyo ya kioo sikuisoma chuoni wala kitabuni, na haina gharama. Kama lenzi inajiona katikati, basi kamera na picha vimenyooka sambamba. Kama haijioni, upande mmoja utakuwa wazi na mwingine ukungu, kwa sababu katika ukaribu ule kina cha mahali panapoonekana wazi ni kidogo sana.

Kulenga nako kuna siri. Mimi nilikuwa nazungusha duara mbele na nyuma kama mtu atafutaye stesheni ya redio. Kila nilipolizungusha, ukubwa wa picha ulibadilika na mimi nikapotea. Baba akasema niliweke duara mwisho wa ukaribu na kuliacha hapo. "Usiizungushe lenzi. Sogeza meza." Tukawa tunasogeza ubao kwa unene wa kijiti cha kiberiti, nami nikitazama mshono wa gauni la mama mpaka nyuzi zikasimama wazi.

Lile duara la tundu la mwanga nililifunga kwenye 22, kama kamera za namna ile zinavyotaka kwa lenzi zilizo na duara hilo, kisha nikachagua namba 8 ndani ya kamera yenyewe. Namba ndogo hufungua tundu sana, na pembe za picha hulegea, kwani vioo vikivuka njia yake pembe ndizo huumia kwanza. Namba 22 nayo haifai, kwani mwanga ukipenyezwa katika tundu dogo mno hutawanyika na kulainisha kila kitu. Kati ya 8 na 11 ndipo penye haki. Kamera ilisimama juu ya miguu mitatu, nami nikaiwekea saa ya kuchelewesha ya sekunde 10, ili mtikisiko wa kidole uwe umekwisha kabla mlango wake haujafunguka. Katika sekunde hizo baba alizuia hata kuku wasipite.

Tulipiga picha 40. Nilipozikuza katika kompyuta niliona mambo ambayo jicho halikuyaona kwenye karatasi: kishikizo kimoja cha gauni hakifanani na vingine, na kaka yangu ameshika kipande cha mhogo. Habari hizo zilikuwamo tangu 1984. Mpiga picha wa siku ile alitumia kamera kubwa ya mbao, ya kujifunika kitambaa, ambayo filamu yake huwa pana kama karatasi yenyewe, na karatasi ikilazwa juu ya filamu ya namna hiyo hupokea kila unywele. Lenzi haiumbi kitu, husoma tu yaliyoandikwa.

Sasa nisikilizeni kosa langu la mwisho, ambalo lilikuwa kubwa kuliko yote. Kwa kuwa baba haoni vizuri, nilifikiri kwamba kadiri picha itakavyokuwa kubwa ndivyo atakavyoona. Nikaenda mjini nikachapisha uso wa mama peke yake kwenye karatasi kubwa kama sinia la chai. Nikaja nayo nimejaa majivuno, nikaishika mbele yake. Baba alipeleka macho juu, akayapeleka chini, akayapeleka pembeni. "Naona shavu," alisema. "Naona kilemba. Hapa naona weusi, labda ni jicho. Mwalimu, uso uko wapi?"

Nilisimama pale na karatasi yangu, nikaona aibu. Mtu atazamaye kwa bomba, ukimletea kitu kikubwa karibu, humpa vipande tu. Mimi nilikuwa nimejifunza ukaribu wa lenzi kwa siku nzima, lakini ukaribu wa baba yangu sikuupima. Nilirudi nyuma hatua moja, akatikisa kichwa. Hatua ya pili. Hatua ya tatu. Nilipofika kwenye nguzo ya baraza aliinua mkono, kama askari wa usalama barabarani anavyosimamisha gari. "Hapo. Simama hapo."

Akatazama kwa muda ambao sikuuhesabu.

"Hakumtazama mpiga picha," alisema hatimaye. "Unaona macho yake? Yanatazama kando. Nilisimama kule, upande wa kulia, karibu na mlingoti wa bendera. Nilikuwa namwonyesha ishara amnyooshe mtoto kofia. Alikuwa ananitazama mimi."

Nilikwenda kuangalia tena ile picha ya kijana wa duka. Programu yake ilikuwa imeyanyoosha macho yale, yakatazama mbele. Kwa wema kabisa, na bila kujua, ilikuwa imemwondoa baba yangu katika picha.

Jumatatu nilichapisha nyingine, uso ukiwa wa kadiri ya yai la kuku, ili atosheke kuishika mwenyewe kwa mkono ulionyooka. Hukaa nayo barazani jioni, kabla ya kutiwa matone ya dawa. Siku nyingine humwambia mama habari za mvua.

Basi, ndugu zangu, nimejifunza kwamba ukaribu una kipimo chake, na kipimo hicho hakiko katika lenzi peke yake. Kuona kitu cha karibu hutaka uache kwa muda kuona cha mbali, utulie, na usogee wewe badala ya kulazimisha kila kitu kikujie. Sisi tuliolelewa na wazazi wa sare tuliwaona kwa mbali tu, wakiondoka alfajiri na kurudi usiku. Nina miaka zaidi ya 30, na Jumamosi ile ndiyo siku ya kwanza niliyofanya kazi na baba yangu bega kwa bega tangu asubuhi hadi jioni.

Nawaombeni mambo matatu. Picha mlizo nazo ziwekeni mahali pakavu, mbali na ukuta wenye unyevu na sakafu yenye mchwa, na nyuma yake andikeni majina na mwaka kwa penseli, bila kukandamiza. Wino hupenya na kuharibu upande wa pili. Zipigeni nakala na kuzigawa kwa ndugu wa mahali mbalimbali, maana yetu ilipona kwa kuwa ilikuwa ukutani kwa rafiki. Na kila mtu aliyepita miaka 40 aende kupimwa macho, hasa ambaye mzazi wake au ndugu yake ameugua presha ya macho, kwani yeye yumo katika hatari zaidi ya wengine. Ugonjwa ule haubishi hodi. Mimi nimekwisha pimwa. Kaka yangu, yule wa kipande cha mhogo, ameahidi kwenda mwisho wa mwezi, na baba humkumbusha kila jioni.